Saa ya marehemu baba imerudi na sauti nyingine

BARUA

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni muuguzi mwenye umri wa miaka 46, mkazi wa Tabora mjini, na nimezaliwa katika kota za reli. Marehemu baba alikuwa gadi wa treni, na gadi ndiye aliyekuwa akiandika treni imeingia stesheni saa ngapi na imetoka saa ngapi. Kwa hiyo nyumbani kwetu saa haikuwa pambo la mkononi. Ilikuwa kitendea kazi, na sisi watoto tulikatazwa kuigusa kama tulivyokatazwa kugusa jiko la mkaa.

Miaka mitatu iliyopita, alipoona siku zake zinakwisha, baba aliniita mbele ya mama na mdogo wangu wa kiume, akanikabidhi mimi mtoto wa kwanza saa zake tatu zikiwa ndani ya kopo la biskuti. Ya kwanza ni Omega ya kujaza kwa kitufe, yenye mshale mdogo wa sekunde unaozunguka peke yake pale chini kwenye namba 6. Hiyo aliinunua mwaka 1964 kutoka kwa mfanyakazi mwenzake aliyekuwa anastaafu. Ya pili ni Seiko 5 aliyoinunua Nairobi mwaka 1974 alipopelekwa mafunzoni, siku zile Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ilipokuwa bado hai na reli yetu ikiwa moja na ya Kenya na Uganda. Ya tatu ni saa ya mfukoni ya babu. Namba zake zimepakwa rangi ambayo baba alisema zamani iling'aa gizani, lakini sasa imekuwa ya kahawia, na sijawahi kuiona saa hiyo ikitembea.

Maisha yote ya baba, saa hizi zilikuwa mikononi mwa fundi mmoja tu, mzee mwenye meza ya kisanduku cha kioo pale sokoni. Walikuwa marafiki. Baba hakuwahi kumdai risiti, naye hakuwahi kumtajia baba bei kabla ya kazi. Sasa Mzee anakaribia miaka 80. Mwaka juzi nilimpelekea ile Seiko, akakaa nayo wiki tatu, na siku niliyokwenda kuulizia nilimkuta akipapasa kitambaa cha mezani kutafuta skrubu iliyomponyoka, mikono ikimtetemeka. Saa ilirudi inatembea, ila siku na tarehe hazibadiliki tena. Nilimshukuru, nikalipa, nikaondoka bila kusema neno.

Ndiyo maana mwaka jana Omega iliposimama sikumpelekea. Nilimpa mdogo wangu anayeishi Dar es Salaam, naye akaipeleka kwa fundi aliyeelekezwa na wenzake kazini. Fundi huyo alikaa nayo miezi minne na hakutoa karatasi yoyote. Iliporudi ilikuwa inameta kama imenunuliwa jana: mikwaruzo yote niliyoijua tangu utotoni imesuguliwa, na kitufe cha kujazia ni kipya, hakina ile alama ya Omega. Nilipoiweka sikioni nilijua siyo yenyewe. Mama, mimi nimelala nikisikia saa ile ukutani mwa chumba cha wazazi wangu. Sauti yake naijua.

Wiki mbili za mwanzo ilikwenda vizuri, kisha ikaanza kukimbia, na sasa inatangulia kwa dakika 15 kila siku. Wala si kwamba siitunzi. Kila usiku naiweka sebuleni juu ya redio mpya, kando ya picha ya baba, mahali ambapo hakuna mtoto anayefika. Kijana wa jirani anayetengeneza simu aliifungua kifuniko cha nyuma, akaniambia mashine iliyomo ni nyeupe ya rangi ya fedha na haoni jina la Omega popote. Usiku huohuo nilimpigia mdogo wangu nikamwambia yeye na fundi wake wameuza mashine ya baba. Yalikuwa maneno mazito, na tangu siku hiyo, yapata miezi mitano sasa, hatusemezani. Fundi wa Dar es Salaam naye anasema alichopokea ndicho alichorudisha.

Mwanangu anahitimu chuo kikuu mwezi Desemba. Nilimwahidi baba kwamba siku hiyo Omega itakuwa mkononi mwa mjukuu wake. Mama anasisitiza nirudi kwa Mzee wa sokoni, kwa sababu "yule hawezi kutuibia." Daktari mmoja ninayefanya naye kazi amenielekeza kwa fundi kijana aliyeko Mwanza, anayeonyesha kazi zake mtandaoni na ana kifaa cha kusikiliza saa. Binamu yangu aliyeko Uingereza anashauri nizipeleke kwa kampuni yenyewe. Mdogo wangu, kabla hatujagombana, alisema tuziuze tu. Na mwanangu anataka kukwangua ile rangi mbovu ya saa ya babu aipake upya.

Mama, nimwamini nani? Na nitamwambiaje Mzee kwamba siwezi tena kumkabidhi saa za rafiki yake?

Binti wa Gadi,
Tabora

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole. Pole kwa msiba, ambao naona bado mbichi, na pole kwa hii miezi mitano ya ukimya kati yako na mdogo wako, ambayo umeitaja kwa sentensi moja lakini nadhani ndiyo iliyokukalisha chini uandike.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara ya nne nilimsomea fundi saa mmoja mstaafu ninayemfahamu, bila kumtajia jina wala mji. Mengi ya kiufundi nitakayokuambia ni ya kwake. Ya watu ni ya kwangu, na makosa yakiwamo ni yangu.

Unauliza umwamini nani, na neno hilo "kuamini" nakuomba tulifungue kwanza kama kifuniko cha saa, kwa sababu nadhani limebeba mambo mawili. Mama yako anapomwamini Mzee, anaamini moyo wake: hataiba, hatadanganya. Wewe unapomkwepa Mzee, huna shaka na moyo wake hata kidogo. Shaka yako iko kwenye macho na vidole. Kwa fundi wa Dar es Salaam hali ni kinyume, vidole hujavilaumu, umelaumu moyo. Na kijana wa Mwanza unaona kazi yake kwenye picha, yaani vidole, lakini moyo wake hujaujua. Kwa hiyo wewe na mama yako mnabishana kana kwamba mnapingana, kumbe kila mmoja anasema jambo la kweli juu ya nusu tofauti ya mtu yuleyule. Fundi wa saa kuukuu anatakiwa awe na nusu zote mbili, na bahati mbaya nusu moja haithibitishi nyingine.

Sasa tuje kwenye tuhuma, na hapa nitakwenda polepole, maana tuhuma hiyo imemwangukia ndugu.

Unazo dalili nne: saa inakimbia, sauti imebadilika, kasha limesuguliwa na kitufe kimebadilishwa, na mashine ni nyeupe isiyo na jina. Umezipanga kama ushahidi wa kitu kimoja. Fundi wangu mstaafu alizisikiliza akazitenganisha.

Kukimbia dakika 15 kwa siku kulimfanya atabasamu, akaniuliza, "Hiyo redio ina spika?" Ndani ya spika kuna sumaku. Saa ya zamani ina gurudumu la mizani linalokwenda na kurudi likiongozwa na kamani nyembamba kama unywele, iliyojikunja mzunguko juu ya mzunguko. Kamani hiyo ikishikwa na sumaku, mizunguko yake hunatana, inakuwa kama imefupishwa, na saa huanza kukimbia. Ukiwa na dira ndogo, isogeze karibu na saa uone kama sindano yake inatikisika. Mafundi wana kifaa cha kuondoa sumaku, na kazi yenyewe ni ya muda mfupi mno. Sisemi kwamba hicho ndicho kilichotokea, kwa sababu mafuta yaliyomwagika juu ya kamani huleta dalili hiyohiyo. Ila wewe mwenyewe umeniandikia kwamba wiki mbili za kwanza ilikwenda vizuri, na kwamba kila usiku inalala juu ya redio. Ihamishe leo, tafadhali, na picha ya baba ibaki ilipo.

Sauti nayo si ya kudharau, wala si ya kuhukumia. Saa iliyosafishwa na kutiwa mafuta mapya hulia tofauti na iliyokuwa imekaukiwa, kama mgonjwa wa pumu baada ya dawa. Lakini wewe ni muuguzi, na kuhesabu mapigo ndiyo kazi yako. Saa nyingi za Uswisi za kujaza za miaka ya 1950 hupiga mara 18,000 kwa saa moja, yaani mara 5 kila sekunde. Mashine za baadaye nyingi hupiga 21,600 au 28,800, yaani 6 au 8 kwa sekunde. Iweke Omega karibu kabisa na kinasa sauti cha simu, rekodi sekunde 10 usiku nyumba ikiwa kimya, kisha icheze sauti hiyo polepole na uhesabu. Ukipata kama 60 au 80, imo mashine ya kizazi kingine. Ukipata 50 haimsafishi mtu yeyote, kwa sababu hata mashine nyingine kuukuu ingeweza kupiga hivyo, lakini sikio lako litakuwa limepata jambo la kulituliza.

Kusugua kasha ni hasara, na ninaielewa hasira yako, maana mikwaruzo ile ilikuwa mwandiko wa baba yako na chuma kikishaondolewa hakirudi. Hata hivyo mafundi wengi husugua wakiamini wanampendeza mteja. Kama hakuna aliyemwambia asisugue, alitenda alilozoea. Kitufe vilevile: cha asili hakipatikani kirahisi, cha kawaida kinapatikana.

Inabaki dalili ya nne, na hii ni nzito. Mashine za Omega za miaka hiyo kwa kawaida zina rangi ya shaba yenye wekundu, na zimechorwa jina la kampuni pamoja na namba. Ikiwa kijana wa simu ameona vema, basi iliyomo siyo mashine ya Omega. Swali ambalo barua yako hailiulizi ni hili: iliwekwa lini?

Mwanangu, ulishawahi kuona ndani ya saa ile kabla ya mwaka jana? Nadhani hapana, kwa kuwa hamkuruhusiwa hata kuigusa. Baba yako aliinunua ikiwa imeshatumika, na muuzaji naye huenda alishaifungua. Halafu ilipita miaka ile ya mwanzo ya 1980, baada ya vita vya Kagera, ambayo wewe ulikuwa mdogo lakini mimi naikumbuka vizuri: sabuni ilikuwa ya foleni, na kipuri cha saa kutoka Uswisi usingekipata Tabora kwa fedha wala kwa maombi. Saa ya gadi ikifa katika kipindi kile, fundi mwema na rafiki wa kweli angefanya nini? Angechukua mashine ya saa nyingine iliyokufa kasha ikabaki nzima roho, akaipachika, na treni ikaondoka kwa wakati. Inawezekana baba alijua. Inawezekana hakuulizwa, kwa kuwa wawili hao hawakuulizana hata bei.

Sisemi ndivyo ilivyokuwa. Nasema ipo njia ya kujua ambayo hujaijaribu. Mafundi saa, hapa kwetu na huko Ulaya, wana desturi ya zamani ya kukwaruza alama ndogo upande wa ndani wa kifuniko kila wanapoifanyia saa kazi: tarehe, herufi, namba fulani ya siri. Kifuniko cha Omega yako, ikiwa hakikubadilishwa, huenda ni daftari la miaka 60, na anayeweza kulisoma yuko sokoni nyuma ya kisanduku cha kioo.

Njia hiyo ina hatari yake. Ukienda na sauti ya kushitaki, Mzee atasikia kwamba mtoto wa rafiki yake amekuja kumkagua. Vilevile anaweza kukuambia kwamba mashine aliyoiacha humo ilikuwa nyekundu na yenye jina, na hapo utarudi nyumbani na uchungu uliothibitishwa. Kama itakuwa hivyo, tambua mapema kwamba bila risiti wala picha, kumbana fundi wa Dar es Salaam kutakuwa kugumu. Mtakachoweza ni kwenda wewe na mdogo wako pamoja, kumwomba kwa adabu arudishe vipuri vya zamani kama bado anavyo, na akikataa kumfikisha kwa mwenyekiti wa mtaa wake. Nimeandika "wewe na mdogo wako" kwa makusudi. Ikiwa saa iliibwa, na yeye ameibiwa. Ikiwa haikuibwa, unalo neno la kumwambia, na mimi nisingesubiri tochi ya fundi imulike ndani ya kifuniko ndipo nilitafute. Lakini wewe ndiye unayejua maneno mliyotupiana usiku ule.

Sasa kuhusu fundi wa kuanzia leo kwenda mbele. Kijana wa Mwanza huenda ni mzuri sana. Kifaa anachotumia husikiliza milio ya saa na kuonyesha inatangulia au kuchelewa sekunde ngapi kwa siku, na mizani inazunguka kwa nguvu kiasi gani. Ni kama kipimo cha shinikizo la damu: kinasema hali, hakisemi mganga ni mwaminifu. Mimi ningemfikiria kwa ile Seiko kwanza, Omega ikae nyumbani. Seiko 5 zilitengenezwa kwa wingi mno na vipuri vyake bado vinapatikana, halafu ugonjwa wa saa yako unaonekana kwa macho: siku na tarehe hazibadiliki. Akirudisha zinabadilika usiku wa manane, umemjua vidole. Akirudisha pamoja na kipande kibovu alichokitoa, bila wewe kukumbusha mara mbili, umeanza kumjua moyo.

Kabla hujampa, zungumza naye. Muulize anatumia mafuta gani. Fundi anayejua kazi atakuambia mafuta ni zaidi ya aina moja, mepesi kwa magurudumu yanayokwenda kasi na mazito kwa kamani kuu, ile inayoisukuma saa nzima, na sehemu zinazokwenda polepole. Anayetia mafuta ya cherehani kila mahali, saa itatembea sasa na kugoma baadaye. Muulize kama ataifungua yote na kuisafisha kipande kwa kipande, au ataichovya petroli nzima nzima. Muulize pia ni saa gani aliyowahi kuikataa. Swali hili la mwisho fundi wangu mstaafu alilipenda kuliko yote, kwa sababu alisema fundi ambaye hajawahi kukataa saa bado hajajua mwisho wa uwezo wake, au anaujua na anauficha. Na akikuahidi kwamba saa ya umri huo haitapoteza hata sekunde mbili kwa siku, usimchukie, ila punguza imani kidogo. Saa kuukuu iliyofanyiwa kazi vizuri ikikosea nusu dakika kwa siku haijakukosea adabu.

Wewe hupokei mgonjwa kutoka zamu nyingine bila kuandika amekuja na hali gani, sivyo? Fanya hivyo kwa saa. Ifunguliwe mbele yako, piga picha mashine, namba, uso na upande wa ndani wa kifuniko. Andikeni karatasi moja yenye sahihi mbili: saa gani, ina tatizo gani, nini kisiguswe, bei ya makadirio, na kwamba hakuna kipuri kitakachobadilishwa kabla ya kukupigia simu. Katika "nini kisiguswe" weka kusugua kasha na kupaka uso rangi upya. Hili lingekuwa aibu kumwomba rafiki wa baba, lakini kijana wa Mwanza si rafiki wa baba, na fundi safi hufurahia karatasi kwa kuwa inamlinda na yeye. Usimpe kondakta wa basi kifurushi hicho. Mwanza ni safari ya siku moja. Nenda mwenyewe, umwone uso.

Kuhusu kampuni yenyewe sitasema mengi. Makampuni makubwa hupokea saa zao za zamani, ila gharama inaweza kupita thamani ya saa, muda ni mrefu, na wengine hupendelea kubadilisha uso na mishale iwe mipya. Tena ikiwa ndani siyo Omega, watakurudishia pamoja na maelezo ambayo ungeyapata sokoni bila kulipa nauli ya ndege ya saa. Kuuza nako ni njia halali, isipokuwa sijaona popote katika barua yako mtu anayetaka kuuza zaidi ya mdogo wako, na nahisi hata yeye alikuwa anataka kuumaliza mzigo, si saa.

Saa ya babu, hapa nitakuwa mkali kidogo: mzuie mwanao leo hii. Rangi zile zilizong'aa gizani zenyewe, kwa saa za nusu ya kwanza ya karne iliyopita, mara nyingi zilichanganywa radiamu, madini yenye mionzi ya hatari. Mng'aro hufa, radiamu haifi. Nguvu yake hupungua nusu kwa miaka 1,600 hivi. Katika miaka ya 1920 wasichana wa viwanda vya Marekani waliokuwa wakichongesha brashi kwa midomo walipokuwa wakipaka namba hizo waliugua taya na mifupa, na baadhi wakafa. Ikiwa imefungwa na kioo chake ni kizima, saa hiyo haina haja ya kukutia hofu kubwa. Hatari ni vumbi lake likikwanguliwa, kuvutwa na pumzi au kushika mikononi. Isifunguliwe nyumbani, na fundi yeyote atakayeifungua aambiwe kabla.

Umeniuliza utamwambiaje Mzee. Mtu anayepapasa kitambaa kutafuta skrubu, mwanangu, amekwisha kujua kabla yako. Huenda hana mtu wa kumpa ruhusa ya kupumzika, na kila anayekuja kumshukuru kwa saa isiyobadili tarehe anamwongezea siku nyingine mezani. Lakini huenda vilevile meza ile ndiyo inayomwamsha asubuhi, na ukiitaja mikono yake utamjeruhi mahali usipopaona. Sijui ni yupi kati ya hao wawili. Wewe utamwona uso. Ninachoona ni kwamba kuna kazi ambayo haitaki vidole. Anajua historia ya saa zako zote tatu. Tena mafundi wa umri wake huwa na droo zilizojaa mashine za saa zilizokufa, na katika droo kama hiyo ndimo kipuri cha Omega kinaweza kupatikana kuliko dukani kokote. Ungeweza kumwomba azungumze kwa simu na yule kijana wa Mwanza, amweleze saa ya gadi ilivyo. Atakachosikia Mzee katika ombi hilo, kuachwa au kukabidhiwa, kitategemea sana umelileta ukiwa umekaa naye muda gani.

Na Desemba? Jiulize ulimwahidi nini hasa baba: mjukuu apewe saa, au apewe saa inayotembea? Fundi anayeharakishwa kwa ajili ya sherehe ndiye anayevunja skrubu. Kama Omega haitakuwa tayari, kijana anaweza kuivaa imesimama siku ile moja, ukamsimulia ilikosimamia; au ukaona hilo ni aibu usiyoweza kuibeba mbele ya ukoo, na hapo utaamua vingine. Siwezi kukupimia.

Ukiamua kwenda kwa Mzee, chukua Omega peke yake, ya Seiko usiitaje. Mwambie, "Baba, nisomee kifuniko hiki." Na usiende jioni ukitoka kazini. Nenda asubuhi, jua likiwa limeingia mezani kwake na macho yake hayajachoka.